Ukumbi Mdogo wa Chuo Kikuu: Mahali Ambapo Mwanamuziki na Mwigizaji Hawana pa Kujificha

Katika njia zote za kusikiliza muziki na kutazama tamthilia ana kwa ana, ninayoipendekeza kuliko nyingine ni kuhudhuria maonyesho katika ukumbi mdogo wa chuo kikuu. Nazungumzia ule ukumbi wenye viti kati ya 100 na 300 hivi, uliojengwa kwa ajili ya idara ya muziki au ya sanaa za maonyesho, ambao mchana hutumika kwa mihadhara na mazoezi, na jioni milango yake hufunguliwa kwa yeyote anayetaka kuingia. Wengi wanaoishi jirani na chuo hupita mbele ya jengo hilo miaka nenda miaka rudi, wakidhani kwamba yanayofanyika humo ni ya wanafunzi na walimu wao peke yao. Dhana hiyo si sahihi na inawakosesha mengi. Tathmini hii ni ya msikilizaji aliyezizoea kumbi za aina hiyo, nzuri na zenye kasoro, na inahusu kinachopatikana humo, kinachokosekana, na namna ya kuchagua onyesho linalostahili kuhudhuriwa.

Ubora wake wa kwanza, na ndio unaobeba mengine yote, ni ukaribu. Katika ukumbi mkubwa wa tamasha, msikilizaji wa safu za nyuma huweza kuwa zaidi ya mita 30 kutoka jukwaani. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika hewa yenye nyuzijoto 20, kwa hiyo humfikia baada ya karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde, ikifuatwa na sauti nyingine nyingi zilizogonga kuta na dari kabla ya kufika kwake, na zote kwa pamoja humpa picha pana ya muziki lakini iliyopungukiwa na makali. Katika ukumbi mdogo wa chuo, hata mtu wa safu ya mwisho kwa kawaida hayuko mbali zaidi ya mita 15. Sauti inayotoka moja kwa moja kwenye ala humfikia ikiwa bado na nguvu, na zile zinazorudi kutoka ukutani huifuata kwa karibu kiasi kwamba sikio huziunganisha na kuzipokea kama sauti moja iliyojaa.

Tofauti hiyo haieleweki sawasawa mpaka mtu aketi mbele ya kwarteti ya nyuzi. Nakumbuka onyesho moja la fidla mbili, viola na selo, nikiwa safu ya tatu upande wa selo. Kabla ya noti ya kwanza, mpiga fidla wa kwanza alivuta pumzi kwa pua, fupi lakini ya kusikika, na wenzake watatu wakaanza pamoja naye kwa pumzi hiyo bila yeyote kuinua mkono. Katika sehemu ya polepole niliweza kusikia vidole vya mpiga selo vikitua kwenye ubao wa ala yake, na kila alipoubana upinde kwa nguvu, vumbi jeupe la utomvu unaopakwa kwenye upinde lilionekana likielea chini ya taa. Palipofika mahali ambapo viola hupokea wimbo kutoka kwa fidla, mpiga fidla aligeuza kichwa kidogo tu kumwelekea mwenzake, akapunguza sauti yake, na wimbo ukahamia upande wa pili wa jukwaa. Ukisikiliza muziki huo kutoka mbali, au kwa rekodi, unasikia sauti nne zilizopangwa vizuri. Ukiwa karibu unaona watu wanne wanaosikilizana, wanaongojeana na wakati mwingine kubishana, na ni hapo unapotambua kwa nini mtunzi aligawa noti zake jinsi alivyozigawa.

Kwa aina hii ya muziki, ukumbi mdogo ndio makao yake halisi. Muziki wa chumbani, kama jina lake linavyosema, ulikua Ulaya katika karne ya 18 kwa ajili ya vyumba vya nyumbani na vya makasri, ambamo wasikilizaji walikuwa wachache na mara nyingi wapigaji wenyewe ndio walikuwa hadhira. Kumbi za kwanza zilizojengwa mahususi kwa tamasha zilikuwa ndogo pia. Holywell Music Room ya Oxford, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1748 na ambayo bado inatumika, huchukua watu wapatao 200 tu, nayo hutajwa kuwa miongoni mwa majengo ya kale kabisa ya Ulaya yaliyojengwa kwa ajili ya muziki pekee. Kwa hiyo anayekwenda kusikiliza kwarteti au waimbaji binafsi katika ukumbi wa chuo anasikiliza muziki huo katika kipimo ulichotungiwa.

Ukaribu peke yake hautoshi, hata hivyo, kwa sababu chumba chenyewe nacho hushiriki katika kila onyesho, na ni katika jambo hili kumbi za vyuo hutofautiana mno. Inafaa kukumbuka kwamba elimu ya kisasa ya sauti za kumbi ilianzia chuoni, tena katika chumba kilichoshindikana. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na chumba kipya cha mihadhara katika Jumba la Sanaa la Fogg ambacho maneno ya mhadhiri hayakueleweka, kwa sababu kila neno liliendelea kusikika kwa takriban sekunde 5.5 na kuyafunika yaliyofuata. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, alipewa kazi ya kutafuta dawa. Alifanya kazi usiku, wakati mji umetulia, akiwa na bomba la kinanda, saa ya kupimia, na mito ya viti iliyobebwa kutoka Sanders Theatre iliyokuwa karibu. Akaongeza mito kidogo kidogo chumbani na kupima kila mara sauti inachukua muda gani kufa. Kutokana na vipimo hivyo akapata kanuni inayotumika hadi leo: muda wa sauti kudumu chumbani huongezeka kadiri chumba kinavyokuwa kikubwa, na hupungua kadiri vitu vinavyonyonya sauti vinavyozidi. Kanuni hiyo ndiyo aliyoitumia kuwashauri wajenzi wa Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900 na ambayo bado huhesabiwa kati ya kumbi bora duniani.

Kwa mtu anayechagua onyesho la kuhudhuria, somo la Sabine lina faida ya moja kwa moja. Hotuba na tamthilia huhitaji chumba ambacho sauti hufa ndani ya sekunde moja hivi. Muziki wa chumbani hupendeza zaidi sauti ikidumu sekunde 1.3 hadi 1.7; na okestra kubwa hutaka karibu sekunde mbili. Hakuna chumba kimoja kinachoweza kuwa vyote hivyo bila kubadilishwa, na ukumbi wa chuo ambao asubuhi ni wa mihadhara na jioni ni wa muziki mara nyingi umeelemea upande wa mihadhara. Dalili yake ni kwamba piano inasikika kwa uwazi mkubwa lakini kila noti inakatika mara tu kidole kinapoinuka, na mwimbaji hana kitu cha kumsaidia kubeba sauti kutoka tungo moja hadi nyingine. Vyuo vilivyolifikiria jambo hili huweka mapazia mazito kwenye kuta za pembeni, ambayo hukunjwa wakati wa muziki na kutandazwa ukutani kote wakati wa tamthilia. Ukiingia ukumbini, tupia macho kuta hizo kabla ya kuketi. Ukikuta mapazia yamefunika ukuta wote na piano iko jukwaani, kuna aliyesahau kazi yake, na si vibaya kumwambia kwa upole mhudumu wa mlangoni, kwani nimewahi kuona mapazia yakikunjwa dakika chache kabla ya onyesho kuanza na jioni nzima ikabadilika.

Watu wenyewe ni sehemu ya chumba. Mwili wa mtu aliyevaa nguo hunyonya sauti karibu sawa na dirisha lililo wazi la nusu mita ya mraba, ambalo huitoa sauti nje bila kuirudisha, na katika ukumbi wa watu 200 jumla hiyo ni kubwa. Ndiyo maana mpiga piano aliyefanya mazoezi mchana katika ukumbi mtupu hujikuta usiku akiwa na ala iliyotulia kuliko alivyoizoea, hasa pale ambapo viti ni vya mbao tupu. Wapigaji wenye uzoefu hulijua hilo na hujirekebisha katika dakika za mwanzo. Mwanafunzi anayepiga kwa mara ya kwanza mbele ya ukumbi uliojaa hulijifunza papo hapo, na msikilizaji makini husikia anavyojifunza.

Upande wa tamthilia, sifa za ukumbi mdogo ni nyingi vilevile, ingawa zinamdai mwigizaji zaidi. Wabunifu wa kumbi za tamthilia huchukua takriban mita 20 kuwa umbali ambao macho bado yanaweza kusoma uso wa mwigizaji. Zaidi ya hapo, hadhira huanza kutegemea mwili na sauti. Katika ukumbi mdogo wote wako ndani ya umbali huo, na kwa hiyo mwigizaji anaweza kufanya mambo madogo yakafika. Niliwahi kumwona mwigizaji mwanafunzi akipewa barua jukwaani, akaisoma kimya, kisha akaikunja mara tatu, kila mkunjo ukisikika hadi nyuma, halafu akaiweka chini ya sahani mezani na kuendelea kuzungumza habari nyingine kabisa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa barua ilikuwa na nini. Katika ukumbi wa watu 1,500 angelazimika kuigiza huzuni kwa mabega na mikono ili wa nyuma waione, na tendo lile zuri lingepotea.

Kasoro inayoonekana mara nyingi katika maonyesho ya wanafunzi hutokana na kutokuamini ukaribu huo. Baadhi yao wamefundishwa kutoa sauti kama vile ukumbi ni uwanja, wakapaza kila sentensi kwa nguvu ileile, na baada ya nusu saa masikio ya hadhira huchoka, hata maneno yanayostahili kupigiwa kelele hayana tena uzito. Wengine huangukia upande wa pili, wakasema kwa sauti ya kawaida huku wamegeuza mgongo. Konsonanti hubebwa zaidi na masafa ya juu ya sauti, na masafa hayo husafiri kuelekea mdomo ulikoelekea. Mwigizaji akiigeuzia hadhira mgongo, irabu huendelea kusikika lakini konsonanti hufifia, na maneno yanakuwa mvumo usioeleweka. Mwongozaji mzuri huyaona yote mawili wakati wa mazoezi. Pale idara inapowaachia wanafunzi kuongoza peke yao, nimekuta mara nyingi hakuna aliyekwenda kuketi safu ya mwisho kusikiliza.

Wahusika wazee nao huwa mtihani, kwa kuwa karibu waigizaji wote wana umri wa miaka 20 hivi. Wanaofaulu ni wale wanaopunguza mwendo na kuchelewesha majibu, wakaacha mwili ueleze umri. Rangi nyeupe ya nywele haijawahi kumsaidia yeyote katika ukumbi ambao watazamaji wako mita tano mbele yake. Mandhari za jukwaani kwa kawaida ni chache, mara nyingi meza, viti viwili na taa zilizopangwa kwa akili, na hilo mimi nalihesabu kuwa faida. Idara nyingi zina pia chumba cheusi kisicho na jukwaa la kudumu, ambamo viti huhamishwa kulingana na igizo. Ukisikia tamthilia inaonyeshwa humo, nenda, kwa sababu katika chumba hicho wanafunzi hujaribu mambo ambayo kampuni ya maonyesho yenye madeni haithubutu kuyajaribu.

Tena, ni katika kumbi hizi vipaji huonekana kabla havijapewa jina. Klabu ya tamthilia ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1855, bado ina ukumbi wake mdogo, ADC Theatre, na kundi la vichekesho la chuo hichohicho, Footlights, limekuwapo tangu mwaka 1883. Waigizaji mashuhuri Emma Thompson na Hugh Laurie walipitia Footlights wakiwa wanafunzi. Hadhira iliyowatazama wakati huo ilikuwa ya watu wa kawaida waliotoka jioni kutazama wanafunzi, na hakuna tangazo lililoweza kuwaambia kwamba walikuwa wakitazama watu wa aina gani. Siahidi kwamba kila jioni itakuwa hivyo. Nasema tu kwamba mtu akitazama maonyesho ya chuo kwa miaka kadhaa, hujifunza kutambua kipaji kwa macho yake mwenyewe, bila kutegemea umaarufu wa jina lililoandikwa kwenye bango.

Naomba kukaa kidogo kwenye aina mbili za matukio ambazo umma huzifahamu kidogo na ambazo, kwa maoni yangu, ndizo hazina kubwa ya kumbi hizi.

Ya kwanza ni onyesho la mtihani la mwanafunzi anayemaliza shahada ya muziki. Mara nyingi huwa la bure, huchukua karibu saa moja, na hukusanya vipande alivyovifanyia kazi kwa muda mrefu chini ya mwalimu wake. Watahini huketi katikati ya ukumbi wakiwa na karatasi na kalamu, na uwepo wao huipa jioni uzito fulani, lakini msikilizaji wa kawaida anakaribishwa, na mwanafunzi kwa kweli humhitaji, kwa kuwa kupiga mbele ya watahini watatu na viti vitupu ni jambo gumu kuliko kupiga mbele ya ukumbi uliojaa watu wanaomtakia mema. Kiwango hakilingani. Utakutana na vijana ambao mwaka unaofuata wataajiriwa na okestra, na utakutana na wengine ambao ni dhahiri watakuwa walimu wa shule, na walimu wazuri. Jambo ninalolithamini ni kwamba karibu wote wamevijua vipande vyao kwa undani ambao mtaalamu anayezunguka miji mingi kwa mwezi hana muda wa kuufikia. Kijana anapopotewa na kumbukumbu katikati ya kipande, jambo ambalo hutokea, ukumbi mdogo hauwezi kulificha. Utaona mkono wa kushoto ukiendelea peke yake kwa mizani miwili, yaani vipimo viwili vifupi vya mapigo, kisha wa kulia ukiungana nao mahali palipo mbele kidogo, na katika mizani hiyo miwili utakuwa umeona ni kiasi gani cha kazi kimo nyuma ya kupiga bila karatasi.

Ya pili ni darasa la wazi. Mpigaji au mwimbaji mashuhuri anapoalikwa na chuo kutoa onyesho la jioni, mara nyingi huombwa pia kuwafundisha wanafunzi watatu au wanne mchana wa siku hiyo, jukwaani, mbele ya yeyote anayetaka kusikiliza. Mwanafunzi hupiga kipande chake mpaka mwisho. Mgeni hushukuru, huuliza swali moja au mawili, kisha humrudisha kwenye mizani minne tu ya mwanzo. Katika darasa moja la kuimba nililolihudhuria, mwalimu mgeni hakusema lolote kuhusu koo wala noti. Alimwomba mwanafunzi ayasome maneno ya wimbo kwa sauti, kama anamwambia mtu habari, halafu aimbe tena. Sentensi iliyokuwa imekatwa vipande vitatu kwa pumzi ikatoka nzima, na wote ukumbini tukaisikia tofauti. Hakuna kijitabu, hotuba wala rekodi inayomfundisha msikilizaji namna ya kusikiliza kama darasa la namna hiyo. Anayehudhuria darasa mchana na onyesho la mgeni huyohuyo jioni husikia mambo ambayo aliyekuja jioni peke yake hayasikii.

Kuna pia jioni za wanafunzi wa utunzi, ambapo kazi mpya hupigwa kwa mara ya kwanza. Kazi hizo ni fupi, hazilingani kwa ubora, na nyingine hazitapigwa tena. Mtunzi huwa ameketi ukumbini, na ukimfuata baadaye kumuuliza swali, atakujibu kwa furaha.

Sasa kasoro, ambazo si chache. Ukumbi mdogo haufai kwa muziki unaotegemea spika kubwa. Bendi yenye seti kamili ya ngoma na gitaa za umeme huujaza chumba cha watu 150 mpaka sauti zinagongana, mwimbaji hasikiki, na fundi wa mitambo, ambaye mara nyingi ni mwanafunzi anayejifunza, huongeza sauti ya mwimbaji badala ya kupunguza nyingine zote. Kwaya ya watu 80 jukwaani huwa na tatizo lilelile bila umeme wowote: inapoimba kwa nguvu, chumba hakina nafasi ya kuipokea. Maonyesho ya aina hizo ningemshauri mtu ayasikilize kwenye ukumbi mkubwa au mahali pa wazi.

Mitambo ya hewa ni adui wa pili. Katika ukumbi mmoja, onyesho zima la gitaa la nyuzi za nailoni lilipigwa huku feni ya darini ikivuma, na mpigaji, mgeni aliyesafiri kutoka mbali, alisimama mara mbili kuisikiliza kabla ya kuendelea. Gitaa la aina hiyo lina sauti ndogo, na uzuri wake umo katika ule mwisho wa noti unaofifia. Mvumo wa mtambo huumeza mwisho huo wote. Ilielezwa baadaye kwamba mtambo huwashwa na kuzimwa na ofisi nyingine ya chuo, kwa saa zilizopangwa, na kwamba hakuna aliyekuwapo usiku huo mwenye ruhusa ya kuuzima. Nilihuzunika kwa ajili ya mpigaji. Chuo kinachomwalika mtu kupiga ala ya sauti ndogo kina wajibu wa kumhakikishia ukimya, na hilo halihitaji fedha, linahitaji mtu mmoja kupiga simu siku moja kabla.

Viti vyenye kibao cha kuandikia hulia kila mtu anapobadilisha mguu. Milango mingine hufunguka kando ya jukwaa, kiasi kwamba anayechelewa huingia mbele ya macho ya watu wote. Njia ya kuingilia mara nyingi imejificha ndani ya eneo la chuo, bila mabango ya kutosha usiku, na si kila ukumbi una njia ya kiti cha magurudumu isiyopitia mlango wa nyuma. Kwa taasisi inayojiita ya umma, hili la mwisho haliwezi kutetewa. Matangazo nayo ni hafifu. Tukio linaweza kubandikwa kwenye ubao wa idara na lisifike mahali pengine popote, na matokeo yake ni kwamba mpigaji bora anapiga mbele ya watu 20 ilhali mamia ya jirani wangependa kuwapo. Ratiba yenyewe hufuata muhula: wiki za mwanzo ni tupu, za mwisho zimejaa maonyesho matatu kwa jioni moja, na wakati wa likizo hakuna chochote.

Kwa anayetaka kuanza, viti kwa kawaida havina namba, kwa hiyo kufika dakika 20 kabla humpa mtu uhuru wa kuchagua. Kwa tamthilia, theluthi ya mbele ya ukumbi ndiyo bora. Kwa kwarteti na ala nyingine chache, napendelea katikati au nyuma yake kidogo, ambapo sauti za ala huwa zimeanza kuungana lakini nyuso bado zinaonekana. Kwa piano, upande wa kushoto unapotazama jukwaa ndiko mikono inakoonekana, ilhali katikati na kulia ndiko sauti inakojaa zaidi, kwa sababu kifuniko cha piano hufunguka kuelekea huko. Anayejifunza piano atachagua mikono, na wengine nawashauri wachague sauti. Kijitabu cha programu kisomwe kabla ya taa kuzimwa, kwa kuwa mara nyingi maelezo yake yameandikwa na wapigaji wenyewe. Kipande chenye sehemu kadhaa hupigiwa makofi mwishoni, na alama ya kuaminika ni pinde na mikono ya wapigaji kushuka. Simu izimwe kabisa, si kupunguzwa sauti tu, kwani katika chumba chenye giza ambamo mpigaji yuko hatua chache kutoka safu ya mbele, mwanga wa kioo humfikia yeye kabla ya kumfikia jirani.

Kwa ujumla, huduma hii naipa alama za juu kwa muziki wa chumbani, kwa waimbaji na wapigaji binafsi, kwa tamthilia za wahusika wachache na kwa madarasa ya wazi. Alama za wastani kwa tamthilia kubwa. Na za chini kwa bendi na kwaya kubwa. Anza na onyesho la walimu wa idara, ambao ni wapigaji waliokomaa na hupiga mara moja au mbili kwa muhula, kisha ufuate darasa la wazi la kwanza litakalotangazwa. Ukivutiwa na mwanafunzi fulani wa mwaka wa pili, mwulize mhudumu wa mlangoni onyesho lake lijalo litakuwa lini, uache anwani yako kwenye orodha ya ofisi ya idara kama ipo, na urudi kumsikiliza tena atakapofika mwaka wa mwisho, kipande kilekile kikiwezekana.